Ubao Wenye Jina la Leola

Wapo wasomaji walioniandikia kwamba bibi wa umri wangu angeachana na mashine akafume soksi. Nimefuma, wanangu. Hakuna mguu katika ukoo huu usio na soksi zangu. Sasa nimeifungua mashine, na sijutii kuifungua, hata baada ya haya nitakayowaeleza leo.

Kwa aliyezikosa wiki zilizopita: mimi ni Aili Kiviranta, na mume wangu ni Reino. Tunakaa kaskazini kabisa mwa Michigan, karibu na ziwa, kwenye nyumba aliyoijenga yeye mwenyewe, sauna ya kuogea mvuke kwanza, vyumba baadaye. Reino alipatwa na saratani ya koo. Madaktari walimponya, lakini sauti yake iliondoka na ugonjwa.

Kabla ya kumpasua, kampuni moja ilimrekodi akisoma maneno, siku baada ya siku, ikampa mashine. Anaandika, mashine inasema, na inayosikika ni sauti yake mwenyewe. Sauti ile ile aliyoniposea.

Kisha hifadhi ya mashine, diski inayobeba kila kitu, ikaanza kuchoka. Reino ni mtu wa mizaha, na mzaha haungoji. Anaandika neno la kuchekesha, mashine inafikiri, inafikiri, na inapokuja kulisema watu wameshavaa makoti wanaaga. Wiki iliyopita hifadhi ikakata roho kabisa. Imeshikizwa kwa risasi ya kulehemu kwenye ubao wa ndani, haibanduki.

Nilipopiga simu kwenye kampuni, waliniambia mashine ile haipokei diski mpya. Ninunue mashine nyingine.

"Na sauti yake?" nikauliza.

"Sauti ya mkataba wa zamani haihamishiki, mama. Atarekodi upya."

"Atarekodi kwa kutumia nini? Masikio?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita.

Sasa sikilizeni. Kwenye ubao mama wa mashine ile kuna mlango wa diski mpya. Nimeuona kwa macho yangu, upo, mtupu, umetandikwa kama chumba cha mgeni. Kinachokosekana ni maneno tu.

Ubao ukiamka, kitu cha kwanza unachosoma ni maandishi yaliyomo ndani ya chipu moja ndogo, ndogo kuliko ukucha wangu. Humo unaambiwa: hii kibodi, hii skrini, hii hifadhi. Maandishi ya mashine ya Reino yalitungwa kabla diski hizi hazijaenea. Kwa hiyo ubao unaitazama diski mpya kama mtu anavyomtazama mgeni asiyetambulishwa.

Basi, nikasema, nitamtambulisha mgeni.

Lipo baraza kwenye mtandao la familia zenye mashine kama yetu, watu waliochoka kuambiwa hapana. Walishayaandika maandishi mapya. Walinielekeza kifaa cha kununua, kibanio kidogo chenye meno cha kubana chipu na waya wa kukiunganisha na kompyuta yangu. Na walinipa mwiko mmoja: kabla ya kuandika lolote, isome chipu ya zamani mara mbili, uzilinganishe nakala. Zikifanana, endelea. Zisipofanana, usithubutu.

Alhamisi asubuhi nikaiweka mashine juu ya meza ya jikoni, betri nimeitoa. Jirani yangu Verna Tregonning akaja kushika taa.

"Shoga, na ukiiharibu?"

"Imeshakufa, Verna. Ina nini tena cha kuharibika?"

Reino akagonga kikombe kwa kijiko, mara moja. Tangu mashine izimike hiyo ndiyo lugha yake. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana, na akigonga mfululizo ujue kahawa imekwisha.

Nikabana chipu. Nikasoma nakala ya kwanza. Nikasoma ya pili. Nikaiambia kompyuta ilinganishe.

"Zinafanana!" nikasema. "Hata herufi moja haijatofautiana."

"Ngoja," Verna akasema, akiinama na taa yake. "Mbona hicho kibanio kimekaa upande? Hebu." Akakinyoosha kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemrekebishia mtoto kola.

"Asante, mwenzangu."

Nikaandika maandishi mapya. Mstari wa kijani ukajaa. Nikachomeka diski mpya mlangoni pake, tukafunga, tukachomeka umeme, na mashine ikawaka. Kwenye skrini, kwa mara ya kwanza, diski mpya ikatajwa kwa jina lake.

Verna alimkumbatia Reino kwa nguvu hadi kahawa ikamwagika kwenye sweta. Reino akagonga mezani mara moja, mara moja, mara moja.

Ilibaki kazi ndogo tu. Maandishi ya baraza ni ya watu wote, kwa hiyo sehemu moja wameiacha wazi. Ni sehemu ya jina. Kila ubao una jina lake, refu, la tarakimu na herufi, na halikuandikwa kwenye kibandiko chochote. Limo ndani ya chipu tu. Kampuni hulitumia kujua sauti ya nani iende kwenye mashine gani. Wewe unalichukua jina lako kutoka kwenye nakala yako ya zamani, unalirudisha mahali pake.

Nikafungua nakala yangu.

F F F F F F. Mstari baada ya mstari, ukurasa baada ya ukurasa.

"Hiyo ndiyo lugha yao?" Verna akauliza.

"Hapana. Huo ni utupu. Chipu isiposhikwa vizuri, ndivyo inavyosomeka."

Nikafungua nakala ya pili. F F F F F F.

"Lakini ulisema zinafanana."

"Zinafanana, Verna. Kurasa mbili nyeupe zinafanana sana."

Mnaona nilichofanya. Kibanio kilikaa upande nilipokuwa nikisoma, nikasoma hewa mara mbili, na hewa ikafanana na hewa. Kisha kikanyooshwa, na hapo ndipo kilipoweza kuandika. Nikalifuta jina la mashine ya Reino kwa kuandika juu yake, jina ambalo halikuwepo mahali pengine popote isipokuwa kwa kampuni. Barazani wapo waliowahi kufanya kosa hili, na hulisimulia kwa kicheko. Mimi sikuwa na kicheko.

Verna akaweka taa chini. "Ni mimi niliyekinyoosha."

"Ulikinyoosha vizuri. Aliyekipinda ni mimi."

"Lakini nisingegusa..."

"Verna. Kunywa kahawa."

Reino akainuka. Nilidhani anakwenda kukaa peke yake kwenye sauna, kama alivyofanya siku alizotoka hospitali. Badala yake akaja nyuma ya kiti changu, akaniwekea kiganja kichwani, akakiacha hapo muda mrefu. Ana kiganja kizito, cha mtu aliyepasua kuni maisha yake yote.

Nikaandika barazani nikawaeleza ukweli wote. Sikujificha.

Wa kwanza kujibu alikuwa Gatien Losier. Gatien anakaa New Brunswick, upande wa Kanada. Ni yeye aliyenifundisha kushika kibanio, siku zile za mwanzo, bila kunichoka hata mara moja. Akaandika:

"Dada Aili, usililie kibodi, machozi yana chumvi. Mke wangu Leola alikuwa na mashine kama yenu. Nilimbadilishia maandishi kabla hajafariki, akawa anatumia diski mpya vizuri tu. Mashine yenyewe ilianguka ngazini, ikavunjika. Lakini nakala ya chipu yake ninayo, sikuweza kuifuta. Chukua yote kama ilivyo, pamoja na jina lake. Kampuni waliniambia sauti yake wameifuta siku walipofunga akaunti. Kwa hiyo jina hilo ni kama nyumba isiyo na watu. Ingieni mkae, mpaka tuwabane wawape jina la Reino."

Niliusoma ujumbe huo mara kadhaa. Kuna watu watakupa sukari, kuna watakaokupa kuni. Huyu alinipa jina la mke wake.

Nikaiandika nakala ya Leola kwenye chipu yetu. Safari hii kibanio nilikikagua mimi, akakikagua Verna, akakikagua Reino kwa miwani yake. Mashine ikawaka. Diski ikatambulika. Nikaanza kuweka programu ya sauti, na wakati inajipanga nikainuka kuweka kahawa nyingine.

"Inauliza nywila ya mtandao wa hewani," Verna akasema.

"Waya wa mtandao umeshachomekwa. Achana nayo."

"Nimeshaiingiza. Ile yenye jina la mbwa wenu. Si afadhali kuwa na njia mbili?"

"Haya, asante."

Yakumbukeni maneno hayo. Mimi niliyasahau papo hapo.

Duara likazunguka kwenye skrini, chini yake pameandikwa *Inapokea*. Kisha pakaandikwa *Karibu tena*. Hatukulitilia maanani hilo neno *tena*.

Reino akavuta kibodi. Akaandika. Na bila kungoja hata kidogo, sauti ya mwanamke ikasema:

"Kahawa iko wapi?"

Tukatazamana. Ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye kuinuka mwishoni mwa sentensi.

"Wametupa sauti ya dukani," nikasema. "Kwa kuwa hawajui ni mashine ya nani."

Verna akajishika kiuno. "Ee bibi wee! Umeingia lini kwenye nyumba ya watu?"

"Asubuhi," Reino akaandika, na yule mwanamke akasema. "Nimekuta soksi nyingi."

"Na mwenye nyumba yuko wapi?"

"Nimemla. Alikuwa mgumu."

Verna alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na mimi nilicheka nikiwa nimeshika birika. Mzaha ulifika kwa wakati wake. Mnaelewa? Ulifika watu wakiwa bado wamekaa. Uso wa Reino ulikuwa uso wa zamani, ule wa ukumbini kwenye dansi, kabla ya hospitali. Nikajisemea, hata sauti ikiwa ya kuazima, mtu wangu amerudi mezani.

Nikachukua simu ya mkononi nikampigia Gatien, nikafungulia spika.

"Imesimama?" akauliza kabla ya salamu.

"Imesimama, na inakimbia! Sauti bado ni ya dukani, ya kike, lakini hilo tutalipigania. Ngoja umsikie mzee mwenyewe."

Reino akaandika, vidole vyake vikikimbia. "Bwana Gatien, ahsante sana. Ukija huku, sauna ni yako, na samaki wote wa ziwa ni wako."

"Gatien? Laini imekatika?"

"Nani huyo?"

"Ni Reino. Nimekwambia, wametupa sauti ya..."

"Dada Aili." Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima. "Huyo ni Leola."

Verna akainuka sakafuni.

"Waliniambia wameifuta," Gatien akasema. "Niliwapigia simu, nikawaomba. Nikawaambia sitaki mengi, nipeni hata 'habari za asubuhi' moja. Wakasema hakuna kitu, pole sana. Dada, hiyo sio ya dukani. Hivyo ndivyo anavyomaliza maneno. Wakati wote kama anataka kucheka."

Reino aliitoa mikono kwenye kibodi, akaitazama kama imeshika kitu cha mtu. Uso ulimbadilika kwa aibu. Alikuwa ameifanyia mizaha sauti ya marehemu.

"Utusamehe, Gatien," nikasema. "Hatukujua."

"Nisamehe nini? Alikuwa anapenda mizaha kuliko mimi." Kisha akasema, polepole, "Mwambie Reino, kama haoni vibaya... aseme jina langu."

Reino akanitazama. Nikatikisa kichwa kumkubalia. Akaandika herufi moja moja, kwa adabu, kama anayevua kofia.

"Gatien," Leola akasema.

Verna akageukia dirishani. Mimi sikugeuka. Nilidhani ni haki ya mtu yule kuwa na shahidi.

Hapo hapo simu ya ukutani ikalia.

"Naitwa Corliss," sauti ya binti ikasema. "Napiga kwa niaba ya kampuni ya mashine ya Bwana Reino. Simu hii inarekodiwa, na msimamizi wangu anasikiliza."

"Mimi naitwa Aili. Jirani yangu anasikiliza."

"Mama, tumeona akaunti iliyofungwa imefunguka kwenye mtandao wa nyumba yenu, katika kifaa kilichobadilishwa maandishi yake ya ndani. Hilo ni kinyume cha mkataba."

"Iliyofungwa, au iliyofutwa?"

Akasita. "Iliyofungwa."

"Mwenye mke aliambiwa imefutwa."

"Mimi sikuwepo, mama."

"Najua hukuwepo, binti yangu. Lakini sauti ilikuwepo."

Nilisikia mtu akimnong'oneza kando. Aliporudi alikuwa anasoma. Sauti ya mtu anayesoma unaijua.

"Amri ya kuifuta sauti hiyo kwenye kifaa chenu imeandaliwa, na msimamizi anaweza kuituma muda wowote. Amri hupokelewa kifaa kikiwa kimeunganishwa na mtandao." Akatua. Kisha akasoma upya, polepole zaidi. "Kikiwa kimeunganishwa, mama. Kikiwa hakijaunganishwa, amri husubiri."

Sikumwona uso, sijui ana miaka mingapi, lakini yule binti alikuwa ananionyesha pa kukanyaga, huku bosi wake amesimama nyuma yake. Nikanyoosha mkono, nikachomoa waya wa mtandao kwenye mashine, taratibu, usitoe mlio.

"Asante kwa kunisomea vizuri," nikasema.

"Ni wajibu wangu, mama." Nadhani alitabasamu. "Naendelea. Mkituthibitishia kwa jina aliyewapa nakala ya chipu, na mkitukabidhi diski hiyo, sauti ya Bwana Reino tutairudisha leo hii. Mkikataa, sauti ya Bwana Reino nayo itafutwa moja kwa moja."

"Yake? Imekosa nini?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Aliyeiandika ana mume?"

"Mama, naomba jibu."

Gatien alikuwa bado kwenye simu ya mkononi, na alikuwa amesikia kila kitu. "Nitaje!" akasema kwa sauti. "Dada Aili, nitaje tu! Mimi nimeshamsikia, inatosha. Mpe Reino sauti yake!"

Nikaifunika simu ya ukutani kwa aproni. "Gatien, nyamaza watakusikia!"

"Wanisikie! Wanifanye nini?"

"Watamfuta Leola."

"Walishamfuta mara moja."

"Na hawakumfuta! Unaona? Walikudanganya, sasa unataka kuwasaidia uongo wao uwe kweli?"

Nikamgeukia mume wangu. Nataka mjue kwamba sikumsukuma. Nilikuwa na hasira ya kutosha watu wawili, lakini hasira ni yangu na sauti ni yake. Nikaivua aproni kwenye simu, nikaishika karibu na mashine ili kampuni isikie.

"Mzee wangu," nikasema, "ni sauti yako. Amua wewe."

Reino alitazama simu ya mkononi, palipokuwa na Gatien. Alinitazama mimi. Kisha akainamia kibodi, na nikaona pembe ya mdomo wake inapanda, nami nikamjua.

"Habari za mchana," Leola akasema, vizuri kabisa. "Mimi ni Reino Kiviranta. Hakuna mtu aliyetupa kitu. Samahanini kwa sauti, nina mafua."

Corliss akacheka. Kilimtoka kabla hajakizuia, kicheko cha kitoto, kisha akakohoa kukifunika. Verna alikuwa ameuma kitambaa cha meza. Hata Gatien nilimsikia, kicheko na kilio kwa pamoja.

Kisha sauti ya mwanamume, ambayo hatukuwa tumeisikia, ikasema kwenye simu ya ukutani, "Inatosha. Tuma."

"Bwana, kifaa kimekatwa mtandao," Corliss akasema.

"Hakijakatwa. Kinaonekana hapa. Tuma."

Nikautazama waya mkononi mwangu. Ulikuwa unaning'inia, haujagusa kitu.

Nikamtazama Verna. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mbwa," akasema. "Aili. Nywila ya mbwa."

Mtandao wa hewani. Ile njia ya pili, aliyotufungulia kwa moyo mwema. Nikarukia mashine kuufunga, lakini skrini ilikuwa imeshazibwa, kibodi haishiki, na katikati duara limeanza kuzunguka. Chini yake pameandikwa *Inapokea*.

Nikashika waya wa umeme. Betri ilikuwa kabatini. Nikivuta, kila kitu kinazimika na Leola anabaki ndani ya diski, salama.

"Mama!" Corliss akaita kwenye simu, haraka, wala safari hii hakuwa anasoma. "Mama, usizime mashine!"

"Kwa nini, binti? Unanitumia nini?"

Nilisikia kidole chake kikibonyeza, kikibonyeza. Nilisikia yule mwanamume akiuliza, "Unafanya nini wewe?" Kisha simu ikakatika.

Sasa nifikirieni nilivyosimama. Asubuhi ile, sauti ya Leola ilipokuja, skrini iliandika neno hilo hilo, *Inapokea*. Sauti ikija, inaandika hivyo. Amri ya kufuta ikija, nayo inaandika hivyo. Kama binti yule alikuwa anatii bosi wake, nikichelewa Gatien anampoteza mkewe mara ya pili. Na kama alikuwa anafanya alichonifanyia mwanzo, basi kwenye duara lile ilikuwa inakuja sauti ya mume wangu, na nikizima naikata njiani, na hakuna wa kuituma tena.

Mtu aliyekuonyesha pa kukanyaga mara moja, utamwamini mara ya pili, bosi akiwa amemshika bega?

"Zima, Aili," Verna akasema. "Zima, zima!"

"Usizime," Gatien akasema kwenye simu ya mkononi. "Dada, nakuomba. Labda ni Reino."

Duara lilikuwa limefika zaidi ya nusu.

"Mzee wangu," nikasema, waya wa umeme umekaza mkononi mwangu. "Nichomoe?"

Kibodi haikumfaa kitu. Reino akaokota kijiko.

Akagonga kikombe mara moja.

Kijiko kikabaki hewani, nami sikujua kama ni ndiyo, au kama mara ya pili inakuja, iwe hapana.